Kiuno cha Binti Yangu na Hatua za Farasi

Binti yangu alikuwa na miaka sita nilipoambiwa nimpandishe juu ya farasi. Aliyeniambia ni dada wa mazoezi ya viungo hospitalini, pale Morogoro mjini, ambaye alikuwa akimnyoosha miguu tangu akiwa mchanga. Mtoto alizaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu yake ilikaza na kupishana kama mkasi, na ukimkalisha bila kumwegemeza alianguka upande.

"Farasi?" nilimuuliza. "Huyu ambaye hata kiti kinamshinda?"

"Ndiyo maana," alisema. "Njoo Jumamosi uone."

Nilienda kwa udadisi zaidi kuliko kwa matumaini. Shamba lilikuwa nje ya mji, chini ya mlima, na mwenye shamba aliwaachia watoto kama wangu farasi mmoja mzee, jike la rangi ya kahawia. Aliyemtunza alikuwa mzee wa Gairo, mtu wa maneno machache. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauchukua mkono wa mwanangu na kuuweka kwenye shingo ya farasi.

"Msikie anavyopumua," alimwambia.

Hawakuweka tandiko. Waliweka blanketi nene na mkanda wenye kishikio, ili mtoto apate joto la mnyama. Wakamvika kofia ngumu. Mzee alishika kamba mbele, dada wa mazoezi akatembea upande mmoja, mimi upande wa pili, kiganja changu kwenye paja la mwanangu. Hatua za kwanza alilia. Wakasimama, wakangoja atulie, wakaenda tena polepole. Mzunguko wa tatu nilihisi paja lililokuwa gumu kama mchi limelegea. Nikadhani nimekosea. Nikabonyeza tena.

Nilitaka kujua kwa nini. Dada alinieleza kwamba farasi akitembea, mgongo wake unakisukuma kiuno cha aliyempanda huku na huku, karibu sawa na kiuno cha mtu anayetembea. Nilielewa maneno, lakini sikuridhika. Watoto walipomaliza nikamwomba mzee anipandishe na mimi.

"Unaogopa, mama?"

"Sana."

"Basi fumba macho."

Nimezaliwa Mgeta, nimekua nikishuka vijia vya mlimani na tenga la kabichi kichwani. Nilipofumba macho, kiuno changu kikaanza kufanya vilevile kilivyozoea kufanya kwenye miteremko ile, na miguu yangu inaning'inia tu. Nilishuka. Mwanangu hakuwahi kupiga hata hatua moja, na asubuhi ile mwili wake ulikuwa umeonja kutembea.

Tuliendelea kwenda. Masika uwanja ukawa tope, tukakaa nyumbani wiki nyingi, miguu ikakaza upya, nami nikakata tamaa. Tuliporudi tulianza karibu na mwanzo. Kilichotusogeza mbele ni masikio ya farasi.

"Yanageuka," mtoto aliniambia siku moja, kwa sauti yake inayochelewa. "Anasikiliza nini?"

Tukamuuliza mzee.

"Anakusikiliza wewe. Ongea, uone."

Akaongea, na sikio moja likarudi nyuma. Kuanzia hapo alikuwa akiinua kichwa ili ayaone, na kuongea ili ayageuze. Shingo niliyoibembeleza nyumbani kwa miaka ikawa inanyanyuka yenyewe.

Hatembei. Dada aliniambia tangu mwanzo kwamba farasi haponyi. Ila sasa, mwaka wa pili, anakaa mkekani bila mto, anakula ugali kwa mkono wake, na darasani anakaa kwenye dawati pamoja na wenzake.

Mama yangu hakuyaamini hayo kwa simu. Akapanda lori la mboga kutoka Mgeta, akaja kujionea. Alisimama kwenye uzio, kanga kiunoni, akamtazama mjukuu wake akizunguka uwanja mgongo umenyooka. Nilingoja aseme neno juu ya mtoto. Yeye akamgeukia mzee.

"Na magoti ya kizee je, huyu farasi anayasaidia?"

Mzee alimsimamisha farasi. "Sijui, mama. Hatujajaribu."

Mama yangu alikuwa ameshaanza kuvua viatu.