Vigae Nilivyomgawia Jirani

Jumanne asubuhi nilikuwa sokoni Lushoto nikichagua karoti, nikaambiwa kwamba fundi wa sakafu wa Malindi, hii ya huku kwetu milimani, amefariki. Aliyeniambia ni mama muuza mboga, tena huku akipanga mafungu yake, akidhani nimeshasikia. Mimi nilikuwa Tanga mwezi mzima, nimerudi jana yake tu. Kumbe mzee aliteleza kwenye baraza ya watu, nyonga ikavunjika, akalazwa, kifua nacho kikambana, basi. Niliuliza ni baraza ya nani, ingawa moyo ulishaniambia. Aliposema ni ya jirani yangu wa bondeni, niliziacha karoti nikaondoka. Mmezoea kunisoma katika safu hii nikiwanyooshea wengine kidole. Leo ni zamu yangu. Vigae vilivyomwangusha mzee yule nilivinunua mimi, nikaving'oa kwangu nilipojua ni hatari, kisha nikamgawia jirani.

Mnaikumbuka miaka ile ruksa ya kuleta bidhaa za nje ilipoanza. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tulishuka Mombo tukakuta maduka yamejaa vitu vya nje, na mimi macho yangu yakatua kwenye vigae vyeupe vinavyong'aa kama sahani mpya. Baraza yangu ya mbele ina paa na imezungushiwa wavu, lakini sakafu yake ya mbao ilikuwa imeoza, maana ukungu wa huku hupita kwenye wavu na kulowesha kila kitu kabla ya saa tatu asubuhi. Nilimwita mzee. Hakutoa futi wala kamba. Aliuliza kwanza mama yangu, ninayeishi naye, hupita wapi akitoka asubuhi. Kisha akamwagia kigae kimoja maji, akavua ndala, akakanyaga, na unyayo ukakimbia. Alinishauri nimwage saruji yenye mchanga wa chembe nene, chini itandikwe nailoni ya kuzuia unyevu wa ardhi, iwe na mteremko mdogo wa kutolea maji nje, na uso wake ukwaruzwe kwa ufagio kabla haujakauka. Nilicheka. Nikamwambia hiyo ni sakafu ya zizi la ng'ombe, si ya nyumba ya mtu aliyesoma.

"Mwalimu, mimi sikatai kazi," alisema akivaa ndala zake. "Nakataa kigae hiki kukaa hapa. Ukungu hauulizi kama baraza ina paa."

Nikatafuta fundi mwingine. Baraza ikapendeza mno, na wageni wakaisifu. Sasa sisi wa milimani tuna adabu yetu: mtu akitoka shamba huacha mabuti yake yenye tope kwenye ngazi, akaingia kwa soksi, na kadiri sakafu inavyong'aa ndivyo anavyoona haya zaidi kuikanyaga na viatu. Adabu hiyo juu ya kigae kilicholowa ni mtego. Mama alianguka asubuhi moja akiwa na soksi za sufu, akavunjika mkono, na hadi leo hawezi kukaza kanga yake mwenyewe. Wiki hiyohiyo niliving'oa. Vingi vilitoka vizima, kwa kuwa unyevu ulikuwa umeshaviachanisha na saruji. Mzee alirudi akanimwagia sakafu yake ya kukwaruza bila kunisimanga hata kidogo. Aliuliza tu vile vya zamani vimekwenda wapi. Nikajibu kwamba vimepata mtu. Aliendelea kufagia saruji.

Mtu mwenyewe ni jirani, ambaye alivisifu siku nyingi. Aliponiuliza kwa nini naving'oa, nilisema nimevichoka rangi. Niliona aibu kukiri kwamba nilionywa nikacheka. Alinishukuru kwa kikapu cha matunda ya plamsi, nami nikayala. Mwaka ukapita. Kila asubuhi ya ukungu niliiona baraza yake iking'aa kule chini, na kila siku nikasema nitamwambia Jumapili tukitoka kanisani. Nikiwa Tanga, mzee alikwenda kwa jirani kumsalimia mgonjwa wa nyumba ile, akaacha mabuti kwenye ngazi kama mtu mwenye heshima zake.

Nimewaza sana siku hizi juu ya ruksa yetu. Tulifurahi kupata nafasi ya kuchagua, na haki yetu kufurahi. Ila tulichagua kwa macho, na aliyechagua kwa unyayo tukamwona wa zamani. Kibaya zaidi, kitu kikitushinda hatukitupi wala hatusemi kimetushinda, tunakisogeza kwa mwingine na kupokea shukrani. Sijui ni vitu vingapi vya namna hiyo vimelala kwenye nyumba za wilaya hii, vikingoja asubuhi yenye ukungu.

Baada ya mazishi nilimfuata jirani. Mke wake ana mimba ya miezi saba, na alipita nyuma yetu na ndoo ya maji, miguu mitupu, akijishikilia ukutani. Nilimwomba jirani aving'oe vigae vile, nikamwambia nitakuja na tindo yangu mwenyewe.

"Kwako uliving'oa kwa sababu gani?" aliniuliza.

Nikamwambia ukweli wote, na mkono wa mama nikautaja. Akamtazama mkewe mpaka alipofika mlangoni.

"Mzee wa watu yuko kaburini, ndiyo sasa unanieleza?"

Aliniambia nitoke kwanza barazani kwake, nikatoka. Vigae bado viko palepale, mvua za vuli zimeanza, na sasa hataki hata kupokea salamu yangu. Ukimpa mtu kitu kilichokuumiza, mwambie kimekuumiza, hata kama utaonekana mjinga. Kwangu ilikuwa sentensi moja tu, na nilikuwa na mwaka mzima wa kuisema.