Sufuria ya Pembeni

Unamjua mtu aliyechoka asubuhi? Sisemi mwenye usingizi, huyo akinywa chai anaamka. Nasema yule ambaye uchovu umemtangulia dukani, umekaa kwenye benchi, umekunja nne, unamsubiri afungue mlango. Mwezi ule Halfani Abuu, muuza vipuri vya baiskeli pale Majengo, ndivyo alivyokuwa. Na uchovu wake ulikuwa na jina: Leonardi, fundi cherehani wa mlango wa pili. Mtu mwema tu, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, lakini mdomo huo, Mungu amsamehe.

"Shikamoo, Mzee Halfani."

"Marahaba, Leonardi."

"Jamani, umewasikia wenzenu walichosema?"

Wenzenu! Halfani alikuwa hata koti hajavua, na baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa saba mnaijua. Wenzake aliowajua ni mkewe Adija, binti yake Hasna, na watu wa msikitini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amesema kitu.

Kilichotokea ni hiki. Mhubiri mmoja, katika mji wa mbali ambao Halfani hajawahi kukanyaga, alipanda jukwaani na kipaza sauti akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akawaita Wakristo majina ambayo huwezi kuyatamka mbele ya mama yako. Halafu akamalizia kwamba Muislamu yeyote anayewachinjia kwenye harusi zao, naye ni mwenzao na atachomwa nao. Kuna aliyerekodi. Kufumba na kufumbua ile video ikawa imezagaa Ufipa nzima, mpaka kwa bibi zetu wa Mwazye ambao hata kuweka vocha hawajui.

Toka siku hiyo Halfani akawa hauzi vipuri tena, anajibu maswali. Mama Bertilla alikuja kutafuta pampu. Akaishika, akaigeuza, akasema taratibu, "Eti mzee, ni kweli mnatuchukia?" Halfani akamweleza. Yule mama akaelewa, akaondoka na pampu yake, akaingia mwingine na swali lilelile. Akaelezwa naye. Kila mmoja aliuliza kwa upole kabisa, tena wengine kwa aibu, na huo upole ndio uliomchosha zaidi, maana mtu mpole huwezi kumfukuza.

Adija alishindwa kuvumilia siku moja. Alikuwa ameleta chakula cha mchana, akamkuta Leonardi kwenye benchi anauliza tena.

"Leonardi, yule mlevi wenu aliyechoma ghala la watu mwaka juzi, si alikuwa na rozari shingoni? Mimi nilikuja kukuuliza wenzako wamefanya nini?"

"Ah, shemeji, yule si alikuwa mlevi tu."

"Enhe! Na huyu ni mpiga kelele tu. Kula ugali unyamaze."

Leonardi akala, akanyamaza. Kesho yake akauliza tena.

Msikitini, Ijumaa, shehe alilizungumza. Alisema kwa kirefu na kwa uchungu kwamba yule mtu hakutumwa na yeyote, kwamba jirani ana haki yake, awe wa dini yoyote. Watu walitikisa vichwa, wazee wengine walifuta macho. Hakuna aliyenyanyua simu kurekodi. Na walipotoka nje, kijana mmoja aliyekuwa anavaa viatu akamgeukia Halfani. "Mzee, wewe si ndiye huwa unachinja kule Pito? Ile video umeiona lakini?" Halfani akamwambia ameiona, akatafuta ndala zake, akaenda zake. Huku anaulizwa kwa nini anawachukia, huku anaulizwa kwa nini anawapenda. Mtu afanye nini?

Hasna ndiye aliyesema, "Baba, na wewe sema. Nikurekodi." Wakamkalisha mbele ya duka, kofia imenyooshwa. Akasema jina lake, akasema sisi wa hapa tumeishi na watu vizuri na tutaishi nao vizuri, asante. Ilikuwa video nzuri, ya heshima. Walioitazama ni mashangazi zake na Leonardi.

Lakini haya yote yalikuwa mbu tu. Kilichokuwa kinamkosesha raha Halfani ni Valerian.

Valerian ni mkulima wa kijiji cha Pito, nje ya mji, wa mahindi na ulezi. Urafiki wao ulianza na tairi la baiskeli, enzi hizo wote wana nywele nyeusi. Sasa, kwetu huku sherehe haina dini. Ukiwa na ng'ombe wa harusi unajua Waislamu watakuja, na Waislamu hawali nyama ambayo haikuchinjwa na mwenzao. Basi anaitwa Muislamu, anachinja, watu wote wanakula sufuria moja, mambo yamekwisha. Hakuna aliyeandika popote. Kwa Valerian, huyo Muislamu alikuwa Halfani. Ubatizo wa watoto alichinja yeye, komunyo alichinja yeye, msiba wa mama yake Valerian alichinja yeye huku machozi yanamtoka. Na kila mara Valerian hakutuma mtu wala hakupiga simu. Alikuja mwenyewe na baiskeli, akakaa kwenye lile benchi, akanywa chai, akasema maneno yaleyale: "Bwana Halfani, nina mgeni wa miguu minne, nakuomba." Ndiyo ilikuwa heshima yao.

Sasa Salome, binti wa Valerian, alikuwa anaolewa Jumamosi. Kadi ililetwa zamani, kabla ya ile video. Ila Valerian hakuonekana. Jumatatu hakuja, Jumanne hakuja. Jumatano akapita ng'ambo ya barabara na baiskeli yake, na Halfani akamwona kwa macho yake akigeuzia uso upande wa pili.

Ijumaa jioni Halfani alikishusha kisu kutoka juu ya kabati, akakifungua kile kitambaa, akaanza kukinoa.

"Unanoa cha nini?" Adija aliuliza.

"Kisu kikikaa kinashika kutu."

"Baba Hasna."

"Nimekwambia kutu, Mama Hasna."

Adija akamwacha. Alijua mume wake amekwisha kuumia na hataki kusemwa.

Jumamosi walipanda bodaboda mpaka Pito, upepo unachapa uso, kisu kiko ndani ya koti. Halfani alikuwa bado anajipa moyo. Pengine Valerian alibanwa na shughuli, si unajua harusi. Pengine ng'ombe bado amefungwa nyuma ya nyumba, anasubiriwa yeye. Walipoingia uani akaona ngozi ya ng'ombe imetandazwa juani, mbichi, imepigiliwa vigingi. Akasimama.

"Tumeshafika, twende," Adija alisema, akamshika mkono.

Klementina, mke wa Valerian, alikuja mbio, akawapokea kwa vigelegele, akawapeleka pembeni ya ghala la mahindi. Pale palikuwa na mkeka, mafiga matatu, sufuria ndogo inayong'aa, na kuku wawili wamefungwa miguu.

"Hawa ni wenu," alisema, uso umemchanua. "Mtachinja wenyewe, mtapika wenyewe. Na sufuria ni mpya, haijawahi kuguswa na nyama nyingine. Niliifuata mwenyewe mjini."

Alikuwa amefanya hayo kwa moyo wake wote yule mama. Halfani alishukuru, maana angefanya nini?

Valerian akatokea, ndani ya suti, tai imemkaba. Walisalimiana kwa mikono miwili.

"Baba Salome," Halfani akasema, "nimekukosea nini?"

"Wewe? Hapana. Hapana kabisa, Bwana Halfani."

"Basi?"

Valerian alitazama viatu vyake vipya. "Nilimsikia yule mhubiri wenu kwenye simu. Alisema mkituchinjia mnaingia motoni. Nikaona, huyu rafiki yangu nisije nikamtia dhambini kwa ng'ombe. Nikija kukuomba hutanikatalia, nakujua wewe. Ndiyo maana sikuja. Jumatano nilipita pale, nikashindwa kukutazama."

Halfani alikuwa amejiandaa kwa hasira. Majibu ya swali la kuchukiana alikuwa nayo tele, alikuwa ameyasema mwezi mzima. Lakini hapa hapakuwa na chuki. Yule mpiga kelele alishindwa kumfanya Valerian amchukie, lakini ameweza kumfanya amwonee huruma, na huruma yenyewe imemweka pembeni ya ghala na sufuria yake. Iliuma jamani. Iliuma kuliko tusi.

"Yule umemsikia mara ngapi?" aliuliza.

"Mara moja tu."

"Na mimi?"

Valerian akaanza kuilegeza tai.

"Kabla Salome hajazaliwa ulikuwa unakaa kwenye benchi langu. Chai yangu umekunywa, watoto wetu wameugua pamoja, mama yako nimemshusha kaburini kwa mikono hii. Ukitaka kuijua dini yangu unakwenda kumuuliza mtu wa kwenye simu? Si ungeniuliza mimi, Baba Salome? Ulipita mlangoni kabisa."

"Kweli," Valerian alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nilipita mlangoni."

Halfani hakuwa na nguvu ya kuendelea. Aliwageuza kuku kuelekea kibla, akachinja, Adija akapika. Ilipofika saa ya kula akainyanyua ile sufuria ndogo kwa kitambaa, akaibeba mwenyewe katikati ya uwanja, akaiweka kwenye meza kuu pembeni ya masufuria makubwa ya nyama ya ng'ombe.

"Hii ni ya watu wote," alisema.

Kuku wawili kwa umati ule! Watu walipata vipande vya kubandika kwenye jino. Salome alichukua cha kwanza, na shela lake, akala mbele ya watu. Valerian akachukua shingo. Wao waliweza kula cha Halfani, lakini Halfani hakuweza kula chao. Aliketi na Waislamu wachache waliotoka mjini, akala ugali wa ulezi na maharage, akamtazama binti wa rafiki yake akicheza.

Jioni Valerian aliwasindikiza mpaka barabarani.

"Bwana Halfani, mimi nikifa, ng'ombe wa msiba wangu utamchinja wewe."

"Na simu ikisema tena?"

"Nitakuja kukuuliza kwanza."

"Utakuwa umekufa, Baba Salome."

Wakacheka, hata Adija. Kilikuwa kicheko cha watu waliochoka, kikaisha upesi, na bodaboda ikaja.

Jumatatu asubuhi Halfani alifika dukani na kukuta mtu kwenye benchi. Hakuwa Leonardi. Alikuwa Valerian, baiskeli imeegemezwa ukutani, koti limejaa vumbi la njia nzima ya kutoka Pito.

"Vipi, una mgeni wa miguu minne?"

"Sina."

"Tairi?"

"Hapana, tairi ni zima." Valerian aliingiza mkono mfukoni, akatoa simu ya Klementina. Alimnyooshea kwa mikono miwili. "Yule bwana ametoa nyingine, jana. Nimekuja kuuliza."

Halfani aliitazama ile simu. Akatamani kurudi kulala. Kisha akamtazama yule mzee aliyeendesha baiskeli kwenye baridi yote ile kabla jua halijapanda, akaingiza ufunguo kwenye kufuli.

"Haya, ingia ndani," alisema. "Ngoja kwanza nibandike chai."