Albamu ya Mromania kwenye Majaruba ya Mchombe

Saa moja na robo asubuhi, Agnella Ponsiano amesimama kwenye tope la jaruba la mpunga kijijini Mchombe, spika ameifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto. Anabonyeza. Sauti ya binti wa Romania inapaa, mdundo unaanza, na wanawake kumi na wawili wanainama kwa pamoja.

"Mdundo mmoja, mche mmoja!" anapaza sauti. "Anayetaka kucheza asubiri harusi!"

Leo hana nafasi ya kukosea. Mwenye shamba, Mzee Tadei, amempa ekari hii moja kumjaribu. Akiridhika atampa na nne zilizobaki. Asiporidhika, kazi inakwenda kwa kikundi kingine.

Agnella, 36, ameongoza kikundi cha kupandikiza mpunga kwa miaka kumi na mmoja. Zamani walipanda kwa nyimbo za kwaya. Msimu uliopita alikwenda Mlabani, mjini Ifakara, kwa Luqman, kijana anayeuza vifaa vya simu na kuingiza nyimbo kwenye kadi. Huko ndiko alikoipata albamu ya kwanza ya binti huyo wa Romania, Ilinca Dorvan, nyimbo kumi na moja za kucheza.

"Nilimwambia, dada, hii mtandaoni wameiponda, wanasema nyimbo zote zinafanana," anakumbuka Luqman huku akicheka. "Akanijibu, hata miche ya mpunga inafanana, mbona tunakula?"

Shambani ilipokelewa kwa vigelegele. Ekari ambayo huwachukua hadi alasiri, siku hiyo waliimaliza kabla ya saa sita. Wakarudi nyumbani vifua mbele.

Kesho yake Mzee Tadei akakuta nusu ya miche inaelea. Kwa kuukimbiza mdundo, vidole vilisahau kukandamiza udongo. Walirudia kazi siku mbili bila malipo, na habari ikafika hadi kijiji cha Sanje kwamba akina mama wa Mchombe wanacheza shambani.

"Niliona aibu, jamani. Hata sokoni nilikuwa napita uchochoroni," anasema Agnella. "Ila yule binti sikumlaumu. Yeye kaimba vizuri. Mimi ndiye niliyeweka mbio pasipotakiwa mbio."

Mwenzake Yosefina alitaka warudi kwenye kwaya. Agnella akagoma. Alijaza tope kwenye beseni, akakaa nalo uani kwake na fungu la miche, akapanda na kung'oa wimbo baada ya wimbo. Nane za kasi akazipangia kazi ya kung'oa miche kitaluni na kuibeba. Za kupandia zikabaki tatu, zile za taratibu.

Saa tisa alasiri ekari imekwisha. Mzee Tadei anakuja, suruali ameikunja hadi magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Anafungua tuta kwa jembe, maji yanaingia jarubani. Miche inayumba. Kisha inasimama. Mzee anazunguka kingo zote nne na kuokota iliyoelea. Ni mitatu.

"Jumatatu mshuke kule chini," anasema. "Ekari zote nne."

Yosefina ndiye wa kwanza kupiga kigelegele. Agnella anacheka, machozi yanamtoka, hayafuti.

Jumatatu hiyo Luqman atakuja kuwarekodi, video atumiwe mwimbaji mwenyewe. Agnella ameshaupanga ujumbe wake.

"Namshukuru sana," anasema. "Ila albamu ya pili apunguze mwendo kidogo. Huku tuna kazi."