Taa Iliyojaa Mafuta

Nichekeni taratibu, wasomaji wangu, kwa maana aibu hii bado ni mbichi. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninayeishi peke yangu Kisumu Ndogo, Kibera. Mama Atieno, muuza dagaa wa omena, huuza pia mafuta taa kutoka kwenye kopo lenye pampu ya mkono. Huisukuma pampu polepole, na muda wote huo huniuliza nimeshindaje. Siku nzima hakuna mwingine aniulizaye.

Basi nikabuni hila: kila jioni niliyamimina mafuta ya taa yangu kwenye chupa, nikampelekea taa tupu.

Juzi nilizama katika kusoma, nikasahau kuyamimina. Taa yenyewe ni ya bati, haionyeshi kilichomo. Mama Atieno alisukuma pampu mara moja tu, mafuta yakafurika hadi kwenye omena zake.

“Ai, Mwalimu! Hii taa imejaa!”

“Labda ameileta isalimie watu,” akasema fundi viatu aliyekuwa nyuma yangu, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Mama Atieno hakucheka. Aliweka kopo chini, akanitazama.

“Sasa Mwalimu, kila siku unakujanga hapa kutafuta nini?”

Foleni nzima ikasogea karibu ili isikie jibu langu.