Fundi wa ving'amuzi aliyewaendea wateja kuwaambia walifuturu mapema

Saa nne asubuhi, Nasima Usi Nahodha amechuchumaa juu ya paa la nyumba ya ghorofa tatu Mkunazini, Mji Mkongwe, spana mkononi. Analisogeza dishi lililoshika kutu, kidogo kidogo, huku macho yakiwa kwenye simu yake. Simu imeunganishwa na king'amuzi kilichoko sebuleni chini, na inamwonesha nguvu ya mawimbi.

"Likisogea upana wa kucha tu, picha inapotea," anasema bila kugeuka. "Watu wanadhani risiva imekufa, kumbe upepo umelisukuma dishi."

Anakaza nati, anajifuta mikono kwa kitambaa, anashuka ngazi. Sebuleni anafungua kompyuta yake, anachomeka waya nyuma ya king'amuzi na kuandika mistari michache ya amri. Kisanduku cheusi kinazima, kinawaka tena. Mwenye nyumba, aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai, anaambiwa akae atazame.

Ving'amuzi anavyovishughulikia Nasima vinatumia Linux, mfumo wa kompyuta ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuubadilisha. Mwenye ujuzi anaweza kuongeza ndani yake programu ndogondogo: ya hali ya hewa, ya kurekodi tamthilia, ya redio. Ipo pia ya kuadhini inapofika saa ya sala.

Hiyo ya kuadhini nusura imfungie duka Ramadhani iliyopita.

Nasima ana umri wa miaka 31. Amezaliwa Jambiani, kusini mashariki ya Unguja, ambako mama yake, Bi Kidawa, hulima mwani. Alipomaliza kidato cha nne alisoma cheti cha kompyuta, akaajiriwa katika hoteli moja ya ufukweni kuangalia televisheni za vyumbani. Huko ndiko alikokutana na Linux kwa mara ya kwanza. Wageni walipoacha kuja wakati wa korona, hoteli ilipunguza watu, naye akawa mmoja wao.

Aliingia mjini na risiva mbovu mbili alizopewa hotelini badala ya kutupwa. Alizifungua na kuzifunga mpaka zote zikawaka. "Nilikuwa nasoma maandishi ya mafundi wa nchi za mbali mtandaoni. Neno nisilolijua nalitafuta, narudi tena mwanzo," anasema.

Wateja wake wengi ni wanawake. Mume akiwa safarini au kazini, mke hapendi kumwingiza ndani fundi mwanamume, hivyo humpigia Nasima. Katika mwezi mzuri, baada ya kulipa kodi ya kichumba chake cha kazi, hubakiwa na kiasi cha shilingi laki nne.

Mmoja wa wateja hao ni Bi Hamda Sleiman wa Kiponda, mwenye umri wa miaka 74. Mwanawe, Azzan, anayeishi Muscat, alimletea king'amuzi ili apate chaneli za Kiarabu. Masikio ya Bi Hamda yamepungua nguvu. Kuta za nyumba yake ni nene, za mawe na chokaa, na tangu chumba cha kukaa kiwekwe kiyoyozi madirisha yake hufungwa. Adhana ya msikiti haimfikii.

Kwa hiyo Shaaban iliyopita alimwomba Nasima amwekee programu ya kuadhini. Nasima aliiweka, akaijaza mahali Unguja ilipo kwenye ramani, na kwa siku kadhaa akailinganisha na msikiti. Zilikwenda pamoja. Ramadhani ilipoingia, nyumba nzima ikawa inafuturu kwa sauti ya televisheni.

Mambo yaliharibika katika kumi la pili la mwezi. Shemsa, mkwe wa Bi Hamda, alikuwa amekaanga katlesi na moshi ukajaa chumbani. Televisheni ikaadhini, wakaketi, wakaanza na tende. Kisha Shemsa akainuka kufungua dirisha.

"Nna tende ya pili mdomoni, nikasikia msikiti unaanza kuadhini," anasimulia Shemsa. "Nikaganda pale pale dirishani. Mama mkwe akanitazama, akaniuliza, 'Kuna nini?' Nikamwambia, 'Mama, ndo kwanza wanaadhini.'"

Bi Hamda aliweka chini kikombe cha uji. Hakula tena mpaka alipomaliza kusali magharibi.

Asubuhi yake Nasima aliitwa. Anakumbuka kwamba alipopiga hodi alikaribishwa na Shemsa, na kwamba Bi Hamda alikuwa amekaa kitandani amempa mgongo.

"Shikamoo, Bi Hamda."

"Marahaba." Hakumwambia akae. "Nasima, umenifuturisha jua halijachwa. Mie mtu mzima, sina mingi ya kuishi. Ntakwenda kujibu nini?"

"Bi Hamda, niruhusu nitazame kwanza."

"Tazama. Lakini mie leo sifuturu kwa hilo lidude."

Nasima alitazama. Mahali palikuwa Unguja. Majira ya saa yalikuwa ya Afrika Mashariki. Saa ya king'amuzi na saa ya simu yake zilikuwa sawasawa. Akachomoa umeme, akarudisha, maana kisanduku kile hakina betri na umeme ukikatika husahau saa. Kikawaka, kikajiweka saa, ikawa sahihi tena.

"Hapo ndipo nilipoogopa," anasema. "Kitu kibovu ukikiona ni kibovu, unashukuru. Hiki kilikuwa kizima, na kimeharibu. Utaanzia wapi?"

Aliomba ruhusa ya kurudi alasiri akae nao, aone nyumba inavyoishi saa zile. Bi Hamda hakukubali wala kukataa. Shemsa ndiye aliyesema, "Njoo."

Alasiri hiyo Nasima alikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Televisheni ilikuwa kwenye chaneli ya habari. Saa kumi na moja Bi Hamda alichukua rimoti akahamia kwenye tamthilia yake, ambayo hurushwa na chaneli moja ndogo ya ng'ambo. Shemsa akaenda jikoni. Hapakuwa na la kufanya isipokuwa kutazama watu wanagombea urithi kwa Kiarabu.

Baada ya muda Nasima akainua macho kwenye pembe ya kioo, pale saa inapoandikwa. Akatazama simu yake. Akatazama tena kioo. King'amuzi kilikuwa mbele kwa dakika sita.

"Bi Hamda, tamthilia hii unaitazama kila siku?"

"Imeanza Ramadhani hii. Alhamisi na Ijumaa haipo."

Ukweli ulikuwa huu. Pamoja na picha na sauti, matangazo ya satelaiti hubeba pia saa, na king'amuzi hujirekebisha kwa kuifuata saa hiyo. Chaneli nyingi saa zake ni sahihi. Ile ya tamthilia ilikuwa imekwenda mbele na wenyewe hawakujali. Bi Hamda alipokuwa akiitazama mpaka wakati wa futari, programu ya adhana ilifuata saa ya uongo. Akihamia kwenye chaneli nyingine, saa ilirudi mahali pake, na fundi hakuwa na cha kuona.

Nasima alipomweleza, Bi Hamda alizima televisheni. Akaiweka rimoti mapajani.

"Kwa hivo ni mie?" aliuliza.

"Hapana, Bi. Ni mie. Nlijua risiva inachukua saa kwenye chaneli. Nlijaribu chaneli za hapa kwetu tu, nikaridhika."

Bi Hamda alimtazama usoni. Kisha akamwita Shemsa alete mkeka mwingine, akamwambia Nasima asiondoke, afuturu pale. Dirisha liliachwa wazi.

Kujua sababu kulisaidia jambo moja lililokuwa likimsumbua Bi Hamda kuliko yote: siku zipi. Siku za tamthilia ziliharibika, Alhamisi na Ijumaa zilisalimika. Sheikh wa mtaani kwake alimjibu kwamba hana dhambi, kwa kuwa aliamini jua limekuchwa, lakini siku zile azilipe. Zilikuwa hazifiki kumi.

Nasima naye alijikuta na siku moja ya kulipa. Mwanzoni mwa mwezi alialikwa futari pale Kiponda, siku ya tamthilia, akala tende kwa adhana aliyoiweka mwenyewe.

Lakini Bi Hamda hakuwa peke yake. Programu ileile Nasima alikuwa ameiweka katika nyumba kumi na kitu, mjini na mashamba. Hakuna aliyelalamika. Na nyingi kati ya hizo zilikuwa zimeunganishwa na intaneti, hivyo aliweza kuziingia akiwa kwenye kichumba chake cha Mkunazini.

Siku hiyohiyo aliyoigundua sababu aliziingia moja moja, akaziamuru zisichukue tena saa kwenye satelaiti, zichukue kwenye intaneti. Kazi hiyo haikumchukua muda.

"Ningeweza kuishia hapo," anasema. "Tatizo limekwisha, hakuna anayejua, hakuna wa kunigombeza. Nilikaa nikalifikiria hilo. Silifichi, nililifikiria sana. Lakini Bi Hamda alitaka kujua siku zake. Na hao wengine je?"

Kesho yake alianza kuwazungukia. Hakutaka kuwapigia simu. Anasema habari kama ile mtu huambiwa usoni. Kila nyumba aliuliza hutazama chaneli gani saa ya futari, kwa kuwa si zote zilizokuwa na saa ya uongo.

Kule Bububu, nje ya mji, alikwenda kwa Bwana Mahfoudh, muuza vipuri vya baiskeli, ambaye hukusanya ndugu na majirani nyumbani kwake kila futari. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ushatengeneza?"

"Nshatengeneza."

"Sasa umekuja kunambia ya nini? Ungenyamaza, mie ningekuwa salama. Sasa nna watu ishirini wa kuwatafuta, wengine wamesharudi Pemba."

Nasima alisema samahani. Bwana Mahfoudh alimpa mkono, akaingia ndani. Hajampigia simu tangu siku ile, ingawa Nasima amesikia kwamba wale watu aliwatafuta, mmoja mmoja, mpaka wa Pemba.

Wateja wawili walimtaka aje achukue risiva zao. Mmoja alimwambia mbele za watu kwamba kazi ya ufundi si ya kuchezea kwenye dini. Wengine walicheka kwa mshangao, wakamkaribisha chai baada ya magharibi. Kuna mwanamke wa Malindi, hapo mjini, aliyelia. Alikuwa mjamzito, na kila siku ya saumu ilikuwa imemgharimu.

"Huyo ndiye ninayemkumbuka," anasema Nasima.

Jambiani alikwenda siku ya tatu ya mzunguko huo. Nyumba ya mama yake haina intaneti, hivyo king'amuzi cha pale hakikuweza kurekebishwa kutoka mjini. Alimkuta Bi Kidawa uani anageuza mwani juani. Akaingia ndani, akawasha televisheni kwenye chaneli ya visomo vya Kurani ambayo mama yake haihami. Saa yake nayo ilikuwa mbele, kwa dakika tatu.

Alitoka akamweleza. Bi Kidawa aliacha kazi, akasimama na mikono kiunoni.

"Kumbe! Wenzangu wakinambia, 'Kidawa, kwako jua linachwa kabla ya kwetu.' Nami nkidhani wananitania."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Wako wengi waliofikwa na haya?"

"Wako wengi, mama."

"Ushawaambia wote?"

"Umebaki wewe, na nyumba mbili za Paje."

"Basi nenda Paje kwanza, kabla hawajafuturu. Mie nipo hapa, siendi pahala."

Alikwenda. Aliporudi aliiondoa kabisa programu ya adhana kwenye king'amuzi cha mama yake. Nyumba zote zisizo na intaneti alizifanyia hivyohivyo, maana hapakuwa na saa nyingine ya kutegemea.

Sasa miezi imepita. Baadhi ya wateja aliowapoteza hawajarudi, na wapya wamekuja kwa sababu ya habari ileile iliyowafukuza wa mwanzo. Bi Hamda amemaliza kulipa siku zake, akifunga Jumatatu na Alhamisi. Jumatatu ya kwanza Nasima alifunga pamoja naye, akailipa ile yake, wakafuturu pamoja Kiponda. Tamthilia iliendelea mpaka ikamalizika, na Bi Hamda aliitazama yote, ila sasa saa ya ukutani imening'inizwa juu ya televisheni.

Mkunazini, Nasima anafunga kompyuta yake. Picha imerudi, safi, na mwenye nyumba anabadilisha chaneli kuhakikisha. Wakati wa kushuka ngazi anaeleza anachokifanya siku hizi akiwa hana mteja.

Anaandika programu yake mwenyewe ya kuadhini. Amejifunza lugha ya kompyuta inayotumika kuziandika, polepole, kwa kusoma za wenzake na kuzivunja. Yake itatazama saa zote inazoweza kuzipata: ya chaneli iliyopo, ya chaneli nyingine mbili tatu na ya intaneti kama ipo. Zikikubaliana, itaadhini. Zikipishana, itakaa kimya na kuandika kwenye kioo, kwa herufi kubwa: "Sina hakika. Sikiliza msikiti."

Mpaka sasa inafanya kazi mara nyingi, lakini si mara zote, na hilo kwake halitoshi. Anataka kuigawa bure, kwanza kwa nyumba zilezile alizozizungukia, kwa watakaokubali. Bi Hamda amekubali. Kwa Bwana Mahfoudh bado hajathubutu kuuliza, lakini anasema atakwenda Bububu mwenyewe.

"Nataka iwe tayari Rajabu," anasema, akipachika mkoba begani. "Halafu Shaaban nzima nikae nayo nyumbani kwangu, niifungulie kila chaneli mbovu ninayoijua, nione kama itathubutu kuadhini."