Nusu Iliyoondolewa Barazani

Waliomfahamu Ngendo tangu utotoni kule Tetu watakuambia kwamba hakuumbwa kwa ajili ya kunyamaza. Baba yake ndiye aliyekuwa mnyamavu, naye alikuwa na sababu. Siku moja alisimama katika baraza la chifu akauliza kwa nini josho la ng'ombe lilikaa miezi bila dawa, na askari wa utawala akamwamuru aketi. Mzee aliketi. Tangu siku hiyo hakusimama tena kusema neno katika mkutano wowote, hata ule wa kanisa. Ngendo, wakati huo msichana wa darasa la sita, alikuwa ameketi nyuma yake kwenye nyasi, akaona shingo ya baba yake ikiinama kama ya mtu aliyekamatwa akiiba. Aliona haya, si kwa ajili ya baba yake, bali kwa ajili ya wale wote waliokuwa na swali lile lile moyoni na wakalimeza.

Alisoma, akafuzu kazi ya kutoa dawa, akaajiriwa na hospitali ndogo ya misheni iliyo kando ya mji wa Nyeri. Hapo ndipo watu walipomzoea kama Mama Wendy wa dirishani. Kazi yake ilikuwa kupokea cheti cha daktari, kuhesabu vidonge na kuvitia katika bahasha ya kaki iliyoandikwa namna ya kuvimeza. Kwa miaka mingi aliandika kwa kalamu: moja mara tatu, mbili mara mbili, nusu mara moja. Kisha marafiki wa kanisa walio ng'ambo wakaleta kompyuta, na kampuni moja ya Nairobi ikauza programu iliyoitwa Tabibu, ambayo ilichapa maandishi hayo kwenye karatasi ya gundi. Alipenda usafi wake. Alipenda zaidi kwamba wagonjwa waliacha kumlalamikia kuhusu mwandiko.

Jambo alilolipenda kuliko yote ni Baraza. Ndivyo kampuni ilivyouita ule ukumbi wake wa mtandaoni, ambapo watumiaji wa Tabibu waliulizana maswali kupitia waya wa simu. Jioni dirisha lilipofungwa, Ngendo aliunganisha mashine na simu, akavumilia ile mikwaruzo na miluzi yake, kisha akajikuta miongoni mwa wenzake wa Karatina, Embu na Meru. Hakuwa amewahi kukutana nao, lakini aliwajua. Aliyemjua zaidi alikuwa Kathurima, mtoa dawa wa hospitali moja huko Meru, aliyejibu kila swali kwa subira na mzaha. Ngendo alipolalamika kwamba printa yake inakula karatasi, Kathurima aliandika: "Ilishe asubuhi, jioni itakuwa imeshiba." Kisha akaeleza namna ya kuisafisha, na ikapona.

Mwaka wa 1999 uliingia na hofu yake. Kila mtu alisema kwamba usiku wa kuingia mwaka wa elfu mbili mashine zote zitapoteza akili. Wako walionunua mishumaa na magunia ya unga. Kampuni ya Tabibu nayo ikatuma toleo jipya, na onyo kwamba asiyebadilisha kabla ya mwisho wa mwaka asije akailaumu. Ngendo aliliingiza kwa mikono yake mwenyewe, Jumatatu moja ya Septemba. Skrini ilipendeza. Vitufe vilikuwa vimehamishwa, orodha za dawa zimepangwa upya, na kazi iliyochukua dakika moja sasa ilichukua tatu.

Malalamiko yalipoanza kumiminika Barazani, kampuni haikuitengeneza programu. Ililitengeneza Baraza. Iliteua msimamizi, na tangu hapo hakuna neno lililoonekana kabla yeye hajalipitisha. Sheria zilitangazwa: lugha ya heshima, hakuna kulinganisha toleo jipya na la zamani, hakuna kutia wengine hofu. Watu waliokuwa wakisaidiana bure kwa miaka miwili waligeuzwa wanafunzi wa kuinua mkono.

Wiki iyo hiyo Ngendo aliandaa dawa ya mtoto wa degedege. Kwenye skrini aliandika nusu kidonge. Karatasi ilipotoka printani ilisema moja. Aliitazama, akaitazama tena, akaichana na kuandika bahasha kwa kalamu. Jioni aliuliza Barazani: "Kuna yeyote ambaye nusu yake inachapwa kama moja? Hili ni jambo la hatari."

Swali halikuonekana. Badala yake alipata ujumbe mfupi: "Swali lako limeondolewa kwa kukiuka kanuni ya tatu. Hakikisha umeingiza kipimo sawasawa."

Aliuliza tena, kwa upole, bila neno hatari. Hilo la pili halikujibiwa kabisa.

Hapa ndipo pana ubaya wa kunyamazisha watu, na inafaa usemwe wazi. Anayenyamazishwa hanyimwi sauti tu. Hunyimwa pia kusikia kwamba wengine wameona alichokiona. Ngendo, ambaye hakuumbwa kwa kunyamaza, alianza kujitilia shaka. Huenda kidole kiliteleza. Huenda alichoka siku ile. Aliijaribu mashine kwa dawa mbili nyingine, zikachapwa vyema, kwa maana kosa lilikuwa katika baadhi ya dawa tu na hakulijua hilo. Akaendelea na kazi. Lakini kila karatasi ilipokuwa ikitoka printani, aliilinganisha na cheti cha daktari. Ila siku za kliniki ya moyo na shinikizo la damu, foleni inapofika hadi langoni, hakuna mtoa dawa awezaye kukodolea macho kila bahasha.

Jumamosi moja ya Oktoba, karibu saa sita mchana, Ngatia alisimama dirishani. Ngatia alikuwa mbeba maziwa wa Tetu, mtu wa maneno mengi, na alikuja kuchukua dawa ya kikohozi.

"Mama Wendy, mko na dawa ya ng'ombe hapo ndani?"

"Ya ng'ombe nenda kwa mtu wa mifugo. Nani mgonjwa, wewe ama ng'ombe?"

"Ng'ombe ya Cucu Watiri. Ati maziwa imekuwa manjano kama alizeti! Wiki mzima anamwaga chini, mimi napita na mkebe tupu. Hiyo maziwa nimeiangalia na macho yangu, ni nyeupe kama koti yako. Juzi akaita mtu wa mifugo. Yule akaonja, akacheka mpaka akakalia ndoo. Cucu akamwambia, 'Cheka tu, hata meno yako ni ya manjano.'"

"Hiyo ya meno hakukosea," mama mmoja alisema katika foleni, na watu wakaangua kicheko.

Ngendo hakucheka. Aliiweka chini chupa ya dawa ya kikohozi.

"Ngatia, Cucu anakula?"

"Akule nini? Anatapika. Anasema ni harufu ya hiyo maziwa."

Watiri, bibi kizee ambaye Tetu nzima ilimwita Cucu, yaani nyanya, alikuwa akimeza ile dawa ndogo nyeupe ya moyo, ambayo kipimo cha kusaidia na kipimo cha kuua vimekaribiana mno. Anayezidishiwa hutapika, moyo wake hupiga polepole na kurukaruka, na macho yake huona vitu vyote vya manjano. Kipimo cha Watiri kilikuwa nusu. Ngendo alikumbuka siku ya kliniki: alimpa bahasha, akamwambia, "Kama kawaida, Cucu," akamwita anayefuata.

Alifunga dirisha mbele ya macho ya foleni, akakimbia hadi kwa Wahome, tabibu wa zamu.

"Daktari, niazime wewe na gari lako. Nafikiri nimemuua mtu."

Wahome alimtazama usoni, akachukua ufunguo bila kuuliza.

Walimkuta Watiri nyumbani kwake Tetu, amelala kwenye kochi la sebuleni, amefunikwa blanketi, midomo imekauka. Mkaza mwanawe, Wachuka, alikuwa akimpangusa uso kwa kitambaa.

"Karibuni. Ni huyo ng'ombe ametuletea shida," Wachuka alisema.

"Wachuka, ile dawa ya moyo anameza ngapi?"

"Moja, kila asubuhi. Si ndiyo imeandikwa?" Alileta bahasha kutoka kabatini. Ngendo aliona ile moja, nyeusi, safi, iliyochapwa vizuri. "Cucu alikataa mwanzo. Alisema yeye huvunja nusu. Nikamwambia, Cucu, sasa ni kompyuta inaandika, na kompyuta haikosei."

"Nilikuwa nimezoea kisu changu kidogo cha kukatia," Watiri alisema kwa sauti nyembamba, bila kufumbua macho. "Lakini mimi ni nani, nibishane na mashine?"

Wahome alikuwa amemshika mkono akipima mapigo. Alihesabu, akahesabu upya, kisha akamwondolea blanketi. Walimbeba hadi garini, wawili upande huu na Wachuka upande ule.

Alasiri hiyo, Watiri akiwa wodini na maji yakiingia mshipani, Ngendo alipitia majina ya wote waliopewa nusu tangu Septemba. Mbali na mtoto wa degedege, ambaye bahasha yake iliandikwa kwa kalamu, wengine walikuwa wawili tu, wote wa mjini. Aliwafuata kwa miguu, akawakuta wakikata vidonge kwa mazoea, bila kusoma bahasha. Alirudi akaandika Barazani kwa mara ya tatu, akieleza yote: dawa, kipimo, mgonjwa aliyeko kitandani. Skrini ikajibu: "Ujumbe wako unasubiri kuidhinishwa."

Ulisubiri Jumamosi. Ulisubiri Jumapili nzima, wakati Ngendo alipokuwa ameketi kando ya kitanda akisikiliza pumzi ya mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimlisha sumu. Kila pumzi ilipochelewa, yake pia ilisimama. Aliwaza juu ya Karatina, Embu na Meru, akawaza kwamba huko nako yuko mtu anayemeza nzima badala ya nusu, asubuhi ya leo, na ya kesho.

Jumatatu asubuhi mapigo ya Watiri yalikuwa yamepanda. Aliomba uji, akaulalamikia kwamba hauna chumvi wala sukari. Wahome alisema atapona. Ngendo alilia kidogo nyuma ya mlango, akapangusa uso, akapiga simu Nairobi.

Msimamizi wa Baraza aliitwa Ndungu. Alikuwa na sauti ya kijana mwenye adabu.

"Ujumbe wako nimeuona, dada. Tatizo ni lugha. Umeandika 'hatari', umeandika 'sumu'. Baraza lina utaratibu."

"Mgonjwa yuko hapa kitandani. Unataka niandike ana mafua?"

"Sijasema hivyo. Ondoa hayo maneno mawili, mafundi wachunguze, halafu tutaona kama tutaupitisha. Watu wakishtuka wataacha kutumia programu."

"Ndiyo ninachotaka! Waache leo!"

"Unaona sasa, dada? Huo ndio uchochezi."

"Ndungu, sikia. Wewe umewahi kumwona mtu ambaye ungemuua kwa kubonyeza kitufe? Mimi nimemwona. Sitaondoa neno hata moja."

"Basi itabidi nifunge jina lako kwa muda. Samahani."

Simu ikakatika. Alipojaribu kuingia Barazani, mlango ulikuwa umefungwa kweli. Miaka miwili ya maswali na majibu, yake na ya wenzake, ikabaki upande wa pili mikononi mwa mtu mmoja aliyeogopa neno kuliko kifo.

Ngendo aliinua tena mkono wa simu. Alimwomba mtu wa posta anayeunganisha simu amtafutie nambari ya hospitali ya Kathurima huko Meru, akasubiri, akasikia kwa mara ya kwanza sauti ya mtu aliyemjua kwa maandishi tu. Ilikuwa nzito na ya kizee kuliko alivyodhani.

"Ngendo wa Nyeri! Printa imeshiba?"

Alimweleza bila kupumua. Upande wa pili mzaha uliisha.

"Kathurima?"

"Nipo." Alikohoa. "Mimi pia niliuliza, unajua? Kuhusu nusu. Wakaondoa. Nikafikiri ni mimi ninazeeka."

"Uko na mtu wa dawa hiyo?"

"Alikuwako mmoja. Mzee Mbae. Tulimzika Alhamisi." Akashusha sauti. "Tulisema ni moyo. Moyo ulikuwa mbaya, Ngendo. Na miaka alikuwa nayo. Ngoja kidogo."

Alisikia mkono wa simu ukiwekwa mezani, kiti kikisukumwa, hatua zikienda. Alibana simu sikioni kwa mikono miwili. Hatua zilichukua muda mrefu kurudi, na ziliporudi hazikuwa na haraka.

"Daktari aliandika nusu," Kathurima alisema. "Mashine imechapa moja."

"Hakuna mtu atakayeweza kuapa kwamba ni hiyo iliyomuua," akasema mwishowe.

"Na hakuna atakayeweza kuapa kwamba siyo."

"Hapana. Hakuna." Alivuta pumzi. "Mimi napiga Embu sasa hivi. Wewe piga Karatina. Tusingoje kuidhinishwa na mtu."

Ngendo alimwomba mtu wa posta hospitali ya Karatina. Simu ilianza kulia kule, mara baada ya mara. Alisimama kando ya meza, akiogopa isipokewe, na akiogopa zaidi kile ambacho atakayeipokea angemwambia.