Thabai Mahali Nguo Hazikauki

Mutie aliendesha lori miaka thelathini na moja bila kugonga hata kuku, kisha asubuhi moja akagonga lango la tajiri wake. Lango kubwa, la bluu, limefungwa, saa nne, jua linawaka. Alijitetea kwamba aliona malango mawili akachagua lililokuwa wazi. Daktari wa macho hakucheka, na tajiri hakucheka kabisa. Ndivyo Mutie alivyorudi mtaa wa Umoja, Nairobi, kukaa, nyumba ya chumba na sebule, miaka sitini na miwili, na miwani mizito kama vitako vya chupa za soda.

Mwanamume aliyezoea barabara akifungiwa sebuleni, anayeumia ni mke. Kwa wiki mbili Mutie alimfundisha Kalekye kusonga ugali, ugali ambao Kalekye amekuwa akimlisha tangu waoane. Alipanga viatu vya wapangaji wote kwenye ngazi, akianzia na vikubwa. Wiki ya tatu Kalekye alimpigia simu shemeji yake Kitonga huko Mwingi, akaiweka kwenye spika makusudi, na wawili hao wakamalizana huku mwenyewe akisikiliza: shule zikifungwa Agosti, Mutie arudi nyumbani akapumzike. Kuna mbuzi wa kuchunga.

"Kwani mimi ni kiti, mnaniamua mnihamishie wapi?" Mutie aliuliza.

"Kiti hakiniambii maji ya ugali hayajachemka, Baba Ndete."

Mbuzi hawakumtisha. Kilichomtisha ni lile neno kupumzika. Aliwajua madereva wenzake waliopelekwa kupumzika, na wengi walikuwa wanapumzika mpaka leo, chini ya mawe yenye majina yao.

Sasa, Mutie alikuwa mteja wa thabai. Miaka yake ya mwisho barabarani alibeba kabeji kutoka Njabini, kule juu Kinangop, na bibi mmoja wa huko alipomwona akishuka kwenye lori huku ameyashika magoti kama vikombe vyenye ufa, alimpa chai ya thabai. Thabai ni mmea wa milimani. Majani yake yana meno pembeni na vinywele vidogo vinavyochoma kama umeshika kaa la moto, lakini ukiyachemsha yanakuwa mapole kama mchicha. Wenyeji, Wakikuyu, huyaponda kwenye mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi, na yakikauka huyanywa kwa ajili ya damu na viungo. Kama yalimponya magoti, au magoti yenyewe yalichoka kulalamika, Mutie hakujua. Alikunywa tu, na alipostaafu aliendelea kununua pakiti kwa Waruguru, aliyeitwa Mama Thuo, Mkikuyu mwenye kibanda cha mukimo kwenye kona.

Januari alifungua pakiti akakuta ni vumbi na vijiti.

"Mama Thuo, hii umefagia wapi? Mimi nitapanda yangu."

Waruguru alicheka hadi mwiko ukamponyoka. "Mzee Mutie! Thabai inataka baridi na ukungu. Wewe Mkamba ukungu umeuona wapi, kwa moshi ya chapati?"

"Nimeupita na lori miaka kumi na miwili."

"Kupita si kukaa. Na hata ikimea hapa, itakuwa kama mbwa wa estate. Kelele mingi, meno hakuna."

"Na ikiwa na meno?"

Wateja kwenye benchi waliacha kutafuna. Waruguru akafuta mikono kwenye aproni. "Ikiwa na meno nitainunua. Na nitasimama hapa niseme kwa sauti: nimenunua thabai kwa Mkamba."

Habari zilimfikia Kalekye kabla ya mumewe kupanda ngazi. "Nimesikia," alisema. "Basi iwe hivyo. Mama Thuo akinunua, unabaki hapa, na Kitonga nitamwambia mwenyewe. Asiponunua, Agosti ni mbuzi."

Mutie alimpigia Nuh, dereva mwenzake ambaye bado alikuwa anapanda Njabini kila wiki, naye akamletea gunia la mizizi iliyofungwa kwa matope. Kisha Mutie akakaa chini akafikiri kama mtu aliyezaliwa mahali tambarare. Huu ni mmea wa mlimani. Mlima uko juu. Basi akabeba ndoo nane za rangi zilizojaa udongo, moja baada ya nyingine, akazipandisha hadi paa la ghorofa ya tano.

Jua la Februari huko juu halina hata haya. Majani yalichomoza, yakatazama huku na huku, yakajikunja kama karatasi iliyotupwa jikoni. Mutie alimwagilia asubuhi, akamwagilia jioni, akashona pazia kuukuu akayafunika. Obura, karetaka aliyelitunza jengo, alipanda kuangalia matangi akamkuta amechuchumaa.

"Mzee, kwani siku hizi unaanika mboga?"

Kufikia Machi ndoo saba zilikuwa zimekufa. Ya nane ilikuwa na jani moja na nusu, na ile nusu ilikuwa inafikiria.

Ploti yao, kama nyingi za Umoja, iliongezwa vyumba mpaka ikakaribia kumbusu jirani. Nyuma, kati ya kuta mbili ndefu, palibaki ua mwembamba ambamo jua liliingia dakika kumi, likaona hakuna la maana, likaondoka. Hapo ndipo zilipokuwa kamba za nguo. Na hapo ndipo palipokuwa na ugomvi wa kila mpangaji, kwa sababu nguo zilikaa siku tatu hazikauki. Jumapili moja Mutie alishuka kuchukua suruali ya kanisani iliyoanikwa Alhamisi. Ilikuwa bado mbichi. Akainusa kuona kama inavalika.

Akainusa tena. Akajifunika nayo uso kabisa. Ilikuwa harufu ya koti lake nyuma ya kiti cha lori, saa kumi na mbili asubuhi, Njabini, kabeji zikipakiwa na mtu hamwoni mwenzake kwa ukungu.

"Baba Ndete," Kalekye alimnong'oneza kutoka dirishani, "toa uso kwa suruali. Watu wanaangalia."

"Kalekye! Ukungu uko hapa! Tumekuwa tukiulipia kodi!"

Siku hiyo kanisani hakufika. Alichimba ukanda kando ya ukuta, chini ya bomba ambalo tangi likijaa hudondosha maji mchana kutwa. Akachanganya udongo na mbolea ya kuku aliyoomba kwa jirani, akachimba mfereji mdogo wa kuyakimbiza maji ya sabuni, kisha akavaa glavu zake za zamani na kumimina ile ndoo ya nane. Juu palikuwa na jani na nusu, lakini chini mizizi ilikuwa imetambaa ikazunguka kama nyaya za stima. Akaikata vipande sita, kila kimoja na chipukizi lake, akavilaza.

Mvua za Aprili zikamkuta tayari. Mwishoni mwa Mei thabai ilikuwa imempita magoti, na Mutie alikuwa ameshusha kistuli cha kukaa nayo. Hakukata hata jani. Alisema bado ni mtoto. Ikarefuka, ikakonda, ikaanza kutoa vimaua vya ovyo, yeye akaendelea kuisifu.

Kisha Juni, boksa ya Sylvance ikaanguka kutoka kwenye kamba.

Sylvance alikuwa fundi wa simu wa ghorofa ya tatu, kijana wa haraka. Aliiokota pale thabai ilipoipokea, akaikung'uta mara moja, akapanda, akaivaa. Ploti nzima ilisikia. Alishuka akitembea kama mtu aliyepanda punda asiyeonekana.

"Buda, hiyo kitu yako imeniuma!"

"Imekuuma wapi?"

"Usiniulize wapi!"

"Pole, kijana. Lakini sema kweli, imeuma sana?" Mutie aliuliza, na tumaini usoni halikufichika.

Sylvance alienda moja kwa moja kwa Obura. Jumamosi ikawa siku ya usafi, mwenye ploti alitarajiwa kupita, na Obura hakutaka kesi. Mutie aliporudi kutoka kununua maziwa, ukanda wote ulikuwa umefyekwa mpaka chini, na Obura ameegemea slasha yake.

"Mzee, usinichukie. Ni kazi."

 Mutie alikaa kwenye kistuli akitazama vikonyo vilivyobaki, vifupi kama ndevu za siku mbili. Juu, Kalekye alikuwa amenunua gamubuti za mpira za kuchungia mbuzi, saizi ya mumewe kabisa, akaziweka mlangoni azione. Sasa alizisukuma chini ya kitanda, akashuka, akasimama kando yake.

"Imekufa?"

Mutie alipiga magoti, akaingiza vidole kwenye udongo. Vilikutana na mizizi migumu, yenye maji, iliyokwenda mbali kuliko alivyodhani, hadi chini ya jiwe la kufulia. "Juu imekufa," alisema polepole. "Huku chini hata haijasikia habari."

Akaweka mbolea, akangoja. Julai ikaingia na ile baridi yake ya Nairobi, mawingu yakalala juu ya Umoja kutwa nzima, na kila mtu akalia mafua isipokuwa thabai. Kila kikonyo alichokata Obura kilitoa vichwa vitatu, vingine vinne. Havikurefuka kwa wembamba. Vilisongamana, majani mapana, kijani cha kukaribia weusi. Hapo ndipo Mutie alipowakumbuka akina mama wa Njabini, jinsi walivyokuwa wakikata thabai kila akipita, bila huruma, na yeye akidhani ni fujo. Obura alikuja kuua, kumbe amepogoa.

"Karetaka," Mutie alimwambia, "una mkono mzuri sana wa shamba."

"Hii ni madharau ama ni nini?"

"Ni shukrani. Sijui kwa nini inatoka ikifanana."

Wiki ya kwanza ya Agosti Waruguru aliingia uani na aproni yake, hatua za mtu aliyekuja kufunga faili. Madirisha yote yalikuwa na vichwa. Kalekye alisimama kwenye ngazi, mikono kifuani.

Waruguru aliitazama thabai muda mrefu, akazunguka, akainama. Mutie akamnyooshea glavu.

"Peleka huko," alisema Waruguru. "Thabai ya watu wa estate naishika kwa mkono."

Akakamata shina kwa kiganja kizima.

"Uuui! Ngai wakwa!"

Aliruka nyuma, akakipuliza kiganja, akakipiga kwenye paja, akakipuliza tena. Vipele vyeupe vilikuwa vimeshapanda kutoka kidole hadi kifundo. 

"Ina meno?" Mutie aliuliza kwa upole.

Waruguru alikitazama kiganja, akatazama kuta zile mbili ndefu na nguo zilizoning'inia zikidondosha, akaanza kucheka, machozi yakimtoka kwa vyote viwili, uchungu na kicheko. "Hii imenitukana kwa Kikuyu! Mzee Mutie, nikatie ndoo mbili. Na kila Ijumaa ndoo mbili."

"Moja. Nyingine ni ya kukua."

"Wewe mtu ni mgumu!"

"Mama Thuo, mimi nina kazi. Siwezi kubishana mchana kutwa."

Pale kwenye ngazi Kalekye alikuwa ameshampata Kitonga kwa simu. "Shemeji, hao mbuzi tafuta mtu. Huyu wangu ameajiriwa."

Saa saba mchana, kibanda kikiwa kimejaa, Waruguru alipanda juu ya kreti ya soda, ndoo kwenye mkono mmoja na mkono wa pili umevimba kama andazi. "Sikizeni! Nimenunua thabai kwa Mkamba! Na ni kali kuliko ya kwetu!"

Benchi likalipuka kwa vigelegele na vijiko kupigwa kwenye sahani. Mutie, amesimama katikati na miwani yake, alisubiri kelele zipungue, kisha akainua mkono.

"Rudia, Mama Thuo. Sylvance alikuwa anatafuna, hakusikia."

Naye akarudia, safari hii kwa sauti iliyowatoa nje hata mafundi wa nguo wa ng'ambo ya barabara.